Kabla Hujairusha Chaneli Yangu

Gau mwanangu,

Shuleni, katika ile miaka michache niliyokaa darasani kabla sijawaachia walimu nafasi ya kupumua, walitufundisha kwamba barua huanza kwa kuuliza hali. Sasa nikuulize hali ya nini, na hapa nilipo nakusikia chumba cha pili unakoroma kama mashine ya kusaga? U mzima. Mimi mzima. Baba yako naye mzima, yuko sebuleni analifunga sanduku lako kwa kamba utadhani ndani kuna mbuzi.

Mambo ya sweta, ya mafuta ya kujipaka, ya kutokula mayai ya kuchemsha barabarani, nimemwachia yeye. Ameyaweka tayari, atakwambia asubuhi yote kwa mkupuo, na wewe umsikilize, maana baba yako ni mtu wa maneno matatu kwa wiki na hayo ya wiki hii ameyatunza kwa ajili yako.

Mimi nataka kukujibu. Juzi mezani uliniuliza kama unaweza kuichukua chaneli yetu ukairushe kwenye intaneti huko Dar uendako. Mimi nikakohoa. Unanijua: mama yako akikosa jibu hukohoa, na kwa kuwa huwa sikosi jibu, mtaa mzima unanijua kwa afya njema ya mapafu. Ulisema bosi wako mpya ameshaanza kurusha chaneli kadhaa za televisheni, moja kwa moja, Watanzania walioko Uingereza na Marekani wanazitazama kwenye kompyuta zao. Ulisema kazi umepewa kwa sababu ulimwahidi chaneli ya Ufipa, ambayo hakuna mwingine anayo. Na ulipomuuliza kama wenye zile chaneli nyingine wanajua, akakwambia, "Ruhusa itafuata tukishakuwa wakubwa."

Ulinisimulia hilo ukicheka, na mimi nikacheka na wewe. Lakini nilicheka kwa sababu nyingine. Yule bwana sijawahi kumwona hata kwenye picha, ila nilimtambua papo hapo. Ni mimi. Ni mimi mtupu, tofauti yake ni tai tu.

Sasa tulia nikusimulie, kwa sababu wewe ulipopata akili ulikuta dishi juu ya bati ukadhani kila nyumba huota moja.

Ilikuwa miaka ile soko huria limepamba moto. Kila kitu ruksa. Mitumba ruksa, biashara ya mipakani ruksa, redio za watu binafsi ruksa, televisheni ruksa. Na sisi wa huku tuliielewa hivi: ruksa imeshatolewa na mkubwa mmoja kule juu, kwa hiyo huku chini hakuna tena wa kuombwa. Mimi nilikuwa nachukua migebuka mikavu, wale samaki wa Ziwa Tanganyika, kule Kasanga, navuka nayo mpaka Zambia, naiuza mpaka Lusaka kwenyewe. Watu wa hapa wakifika Tunduma wanarudi na hadithi za mwaka mzima. Mimi Lusaka nilikuwa na mahali pangu pa kunywea chai. Safari moja badala ya kurudi na vitenge nikarudi na dishi, limefungwa juu ya lori la mahindi, mimi nimekaa ndani yake kama kifaranga. Tulipopita Matai wanawake wakaniuliza, "Mama, hilo sufuria ni la harusi ya nani?" Nikawaambia ni ya kwangu, naolewa na dunia.

Nilikuwa mwanamke wa kwanza kati ya Tunduma na Mpanda kumiliki dishi. Kama alikuwepo mwingine, basi alijificha.

Hapa mjini lilizua maneno, maana watu wanaliita ungo, na ungo juu ya paa la nyumba ya Sumbawanga si jambo la kupita nalo kimya. Unajua jina la mji wetu linavyotangulia mbele yetu. Ukifika Dar ukisema unatoka wapi, watu watasogea kidogo kwenye benchi. Usikasirike. Jinyooshe ukae vizuri.

Baba yako akachimbia nguzo za mikaratusi tangu hapa Jangwani mpaka kule Majengo, akatandaza waya nyumba kwa nyumba, ndiyo laini yetu hiyo. Sebule yetu ndiyo ilikuwa kituo. Lakini risiva ilikuwa moja, na risiva moja hunasa chaneli moja tu kwa wakati, kwa hiyo mtaa mzima ulitazama ninachotazama mimi. Rimoti nimeikamata mimi. Madirisha yalikuwa yanaongea!

"Mama Gau! Turudishie mpira!" Huyo ni Kasiano fundi baiskeli, nyumba ya tatu.

"Kasiano, subiri, kuna tamthilia. Wanawake nao wana macho!"

"Basi tuwekee hata taarifa ya habari!"

"Habari gani unataka? Upepo umevuma, umeusikia!"

Sasa nikwambie kosa langu, na ni kosa ambalo naamini hakuna msomi angeweza kulifanya, maana lilihitaji ubunifu. Yale matangazo ya biashara yaliyokuwa yanakatiza vipindi yalikuwa yananiudhi. Yanawaita watu wa Sumbawanga wakanunue sofa dukani Kariakoo. Nani atapanda basi siku mbili kwenda kununua sofa? Nikaona ni kuwatesa watu. Nikanunua kamera ya mkono pale Tunduma, nikamwambia baba yako aiunganishe, na kila tangazo la Dar likianza, mimi nakata. Natokea mimi mwenyewe, kilemba kimepigwa pasi, nimekaa mbele ya pazia la kijani.

"Mzee Nasoro ameshusha bati na misumari. Misumari yake haipindi, wanaopinda ni mafundi." Huyo Mzee Nasoro ndiye huyu mwenye maduka na mabasi. "Ng'ombe wa Masanja amepotea, mwekundu, pembe moja imelala, mara ya mwisho ameonekana akishuka kuelekea bonde la Rukwa. Akionekana, asichinjwe." Na ng'ombe alionekana, na hakuchinjwa, na Masanja, Msukuma yule ambaye huwa hatabasamu mpaka mvua inyeshe, alikuja hapa na maziwa akacheza mlangoni.

Mwanangu, watu walikuwa wanasubiri matangazo kuliko filamu! Nikajiona nimewasaidia wote, mpaka wenye kituo kule Dar. Ila kuna siku nilinogewa. Fainali, mpira umesimama kidogo, Dar wameweka tangazo, mimi nikaingia na misumari ya Mzee Nasoro. Nikaisifia weee. Niliporudisha mpira, wachezaji walikuwa wamelaliana kwa furaha, goli limeshafungwa. Kasiano alikuja na gurudumu la baiskeli mkononi, hata hakumbuki alivyolibeba.

"Mama Gau, umetuuzia misumari wakati watu wanafunga!"

"Marudio yatakuja, Kasiano."

"Marudio hayashangiliwi!"

Hilo nililipuuza. Nilisema ni kelele za wapenda mpira. Sikujiuliza kwamba kumbe kule Dar nako kuna mtu ameketi, ameuza nafasi ya tangazo la sofa ili amlipe mpiga picha, na kuna mwanamke huku milimani anamfuta kila jioni kwa kilemba kilichopigwa pasi.

Basi, twende Laela. Unamjua Bibi Paskalia, lakini unamjua wa sasa, mwenye fimbo. Yule wa wakati ule alikuwa tufani. Wanawake wa nsimba, ngoma yetu Wafipa, walikuwepo sehemu nyingi, wanazungusha vigoda juu ya vyungu mpaka vyungu vinanguruma kama radi ya mbali, lakini kikundi cha Bibi Paskalia kikianza, wazee walikuwa wanaacha mirija ya kimpumu, pombe yetu ya ulezi, ikielea mtungini. Walikuja kucheza kwenye harusi ya shangazi yako. Nikawarekodi kwenye kanda kwa ile kamera yangu, nikaweka kwenye laini yangu Jumapili baada ya misa. Mji ulisimama. Watu wakaomba tena Jumapili iliyofuata, na iliyofuata. Nikaita kipindi hicho "Ngoma ya Mama Gau." Ndiyo, uliisoma vizuri. Ngoma ya mama yako, ambaye akikalia kigoda kinalia kwa kuonewa.

Kanda hiyo nilimwazima mtu wa Chala, akaitazame na wageni wake. Ikarudi salama. Lakini njiani kumbe ilikuwa imezaa. Siku moja kondakta akaniambia, "Mama Gau, nimemwona Bibi Paskalia kwenye televisheni Namanyere."

"Namanyere? Laini yangu haifiki Namanyere."

"Kuna kijana anaitwa Ozmundi ametandaza yake. Anaita 'Ngoma ya Ozmundi'."

Damu ilinipanda! Niliona giza mchana. Jasho langu, kamera yangu, pazia langu! Nikapanda basi mpaka Laela kwanza, nikamchukua Bibi Paskalia, nikamwambia tumeibiwa. Hakuuliza kitu. Alibeba kigoda chake tukaenda, siku iliyofuata tukaingia Namanyere kama polisi wawili.

Ozmundi tulimkuta mlangoni kwake anachonga nguzo.

"Wewe Ozmundi! Mwizi!"

Akapiga goti kidogo. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwizi mkubwa!"

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu," akasema Bibi Paskalia, akaweka kigoda chake chini, akakaa, kama mtu aliyekuja kutazama.

"Karibuni ndani jamani, mmetoka mbali."

"Sikaribii ndani kwa mwizi! Kuna chai?"

Chai ilikuwepo. Nikainywa kwa hasira, nimesimama, kikombe mkononi. Nikamsomea mashitaka yote: umechukua bila ruhusa, umekata sura yangu, umeweka tangazo la mashine yako ya kukoboa. Kijana wa watu akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa adabu kabisa, na ile adabu ndiyo iliyoniua:

"Mama, mimi ni mwanafunzi wako. Nilikuja Sumbawanga nikakaa kwa mjomba wangu pale Majengo, nikawa nakutazama. Nikaona unanasa cha Dar, unakata matangazo yao, unaweka yako. Nikasema huyu mama ni mwalimu. Na mimi nimenasa chako, nimekata matangazo yako, nimeweka yangu. Sasa nionyeshe, somo nimelikosea wapi?"

Mwanangu, huu mdomo wangu haujawahi kufunguka ukakosa cha kutoa. Siku ile ulitoa upepo. Nikakohoa.

Na nyuma yangu nikasikia mtu anacheka. Bibi Paskalia alikuwa ameshika mbavu pale juu ya kigoda.

"Nyie wawili mnagombania mtoto wa nani?" akauliza. "Huyu anasema ngoma yake, huyu anasema yake. Chungu changu. Kigoda changu. Kiuno changu. Nani kati yenu aliniomba?"

"Lakini bibi," nikasema, "ulicheza harusini, mbele ya watu wote!"

"Nilicheza kwa ajili ya bibi harusi. Walionialika niliwaona kwa macho, na wao waliniona. Hawa wa Namanyere nani kaniambia wananitazama? Wewe Mama Gau, unaikumbuka nguo niliyovaa siku ile? Unadhani ile nguo ningeivaa kwa watu wa Namanyere?"

Ozmundi akainama akaanza kuhesabu vidole vya miguu yake. Mimi nikatazama chai.

"Kuanzia leo," akasema Bibi Paskalia akiinuka, "nsimba yetu hatazami mtu kwenye vioo vyenu mpaka mje muombe. Wala msiniombe mimi peke yangu. Chungu kimoja hakifanyi ngoma. Mtawaomba wote."

Tukarudi. Tulipopita Chala akaanza kucheka peke yake, jambo lililonitisha kuliko maneno yake yote.

Wakati huohuo redio zilikuwa zimeanza kuzungumzia sheria mpya ya hakimiliki, na fununu zikapita kwamba wakaguzi wanazunguka mikoani wakibeba vyombo vya watu. Kwa hiyo nisikudanganye kwamba nilikwenda Dar kwa dhamiri tupu. Dhamiri ilipanda basi, ndiyo, lakini tikiti iliyokatwa ilikatwa na woga. Kama laini ingebebwa, tungekula nini? Ada yako ingetoka wapi? Nikafika kwenye kile kituo ambacho nimekuwa nikikikata kwa miaka, nikamwambia mlinzi, "Nimetoka Sumbawanga, nimekuja kuomba." Akasogea kidogo akanipisha. Unaona faida ya jina?

Wakanipeleka kwa mwanasheria wao, binti mwembamba mwenye miwani, umri wako wa sasa. Nikamweleza yote mpaka misumari. Aliita wenzake ofisi ya jirani waje kunitazama. Nikadhani wanaita polisi, kumbe wanasema, "Njooni muone mtu aliyekuja kuomba mwenyewe!" Wenye laini walikuwa wamejaa nchi nzima, na mimi nilikuwa wa kwanza kupanda ngazi zile bila kuitwa. Hilo usilisahau kunisifia nikifa.

Binti akanifafanulia taratibu, na mimi nilimkatiza kila mahali. Akasema chaneli kuingia kwenye dishi langu si ruhusa ya mimi kuitandaza kwa wengine. Nikamwambia, "Ngoja kwanza mwanangu. Kwetu pombe ya ulezi tunakaa kuzunguka mtungi, kila mtu na mrija wake. Unachosema wewe ni kwamba mimi nilialikwa mtungini nikaketi vizuri, halafu nikarefusha mrija wangu ukapita dirishani mpaka barabarani, nikawauzia wapita njia."

Akacheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. "Mama, huo mfano nauazima nikaufundishie watu."

"Omba kwanza," nikamwambia.

Ruhusa wakanipa, mwanangu, na haikuwa ngumu kama nilivyoogopa. Wakasema niwaandikie kila mwaka, nirushe chaneli yao nzima kama ilivyo, na matangazo ya sofa yapite yote, hata kama sofa haitafika Sumbawanga mpaka kiama. Nikitaka ya kwangu, nitenge saa zangu mwenyewe. Lakini mpira wa ng'ambo wakaninyima.

"Ule si wetu kukupa," akasema binti. "Wenye mashindano wametuuzia sisi tuuonyeshe wenyewe tu. Filamu kadhaa nazo ni hivyohivyo."

"Yaani na nyie mmealikwa."

"Na sisi tumealikwa. Mgeni hamkaribishi mgeni."

Hapo ndipo nilipojifunza ambalo bosi wako bado hajajifunza, au amejifunza akalikalia. Ndani ya chaneli moja kuna watu wengi wamelala, kila mmoja na blanketi lake. Mwenye nyumba akikufungulia mlango hajakupa mablanketi.

Sasa nirudi kwangu nikawaambieje watu wa Jangwani na Majengo kwamba fainali kubwa haitaonekana? Hofu niliyokuwa nayo kwenye basi la kurudi haikuwa ya wakaguzi tena, ilikuwa ya Kasiano. Na kweli, nilipotangaza, siku hiyohiyo watu walijaa uani. Wakasema watakata waya wao, nyumba baada ya nyumba, na wanaume wengine wameshakuja na koleo. Laini ingekufa mchana kweupe. Baba yako, aliyekuwa juu ya nguzo, akasema maneno yake matatu ya wiki ile: "Mpeni siku moja."

Nikaenda Laela na mtungi wa kimpumu. Nikapiga magoti mbele ya wanawake wote wa nsimba, mimi, mwanamke niliyekunywa chai Lusaka. Waliniacha pale chini wakanywa taratibu. Kisha Bibi Paskalia akasema kabla ya jibu nizungushe kigoda nisikie jasho lenyewe lilivyo. Nikazungusha. Chungu kilitoa sauti ya paka aliyekanyagwa, wakaanguka kwa kicheko, na katika kicheko hicho wakanikubalia. Wakaweka masharti yao: jina litajwe lao, nguo watachagua wenyewe, na ruhusa ni ya kutazamwa Sumbawanga tu.

Jioni ya fainali, jua bado lipo, wanawake wakapanga vyungu hapa uani petu, mbele ya kamera. Hakuna kanda, walicheza moja kwa moja. Na watu, mwanangu, watu wa Sumbawanga si wa kushindwa na sheria! Wakawasha redio. Kila nyumba macho yako kwa Bibi Paskalia, masikio yako kwa mtangazaji wa mpira. Chungu kinanguruma, mtangazaji anapaza sauti, anakwenda, anampita mmoja, anampita wa pili, na wale wanawake kwa kuwa nao walikuwa wanaisikia ile redio ya jirani wakaanza kuongeza mwendo wa vigoda, mpira ukikaribia goli vyungu vinapanda, ukirudi katikati vinashuka. Goli! Vyungu vikalipuka. Kasiano alitoka mbio nyumbani kwake, akaja kucheza uani kwetu ameshika redio kichwani. Wewe ulikuwa mgongoni mwa baba yako umeziba masikio, unacheka. Hakuna waya uliokatwa. Wiki ile ziliongezeka nyumba zilizotaka kuunganishwa.

Na Ozmundi? Alikuja Laela na mtungi wake mwaka huohuo. Ruhusa ya Namanyere akapewa ya peke yake, na nguo nyingine.

Basi ndiyo jibu langu, Gau. Chaneli unayoniomba siwezi kukupa kwa sababu sinayo yote. Pazia la kijani ni langu, nakupa. Sura yangu nakupa, warushie Wazungu wapone. Lakini kilichomfanya bosi wako akutake ni nsimba, na ruhusa niliyopewa mimi iliishia kwenye nguzo za mwisho za baba yako. Intaneti haina nguzo ya mwisho.

Kwa hiyo jana sikuwa sokoni kama nilivyokudanganya. Nilikwenda Laela. Nikawaeleza.

"Intaneti ni watu wa wapi?" akauliza Bibi Paskalia.

"Ni dunia nzima, bibi."

"Mpaka Ulaya?"

"Mpaka Ulaya."

Wakatazamana. Wakanong'ona kwa Kifipa, haraka haraka, nisikamate. Kisha akasema, "Wewe tulishakuona ukipiga magoti, magoti yako tumeyazoea. Anayetaka kuirusha ni nani?"

"Gaudensia."

"Basi aje yeye."

Nimeshazungumza na Mzee Nasoro. Basi lake litasimama Laela kesho asubuhi, na dereva ameambiwa asipige honi. Watakuwepo kando ya barabara na vyungu vyao. Utashuka, mbele ya abiria wote, utawaamkia mmoja mmoja, utaomba. Mimi sitakuwepo kukusemea, na usiwaambie habari za bosi, wala za Marekani, wala za kazi. Waambie unataka watazamwe na nani na kwa nini, halafu unyamaze. Kunyamaza ndiko kutakakokushinda, maana umenirithi.

Kuhusu hizo chaneli nyingine anazorusha bosi wako, sikupi amri. Utafika, utaona, utajua wa kumuuliza. Mimi nilipanda ngazi za watu nikiwa na darasa la nne na woga. Wewe una cheti cha kompyuta. Wakikucheka ofisini, cheka nao, kisha uliza tena.

Wanawake wale wakikukubalia, panda basi, rusha mpaka ncha ya dunia, na jina lao litangulie. Wakikukatalia, panda basi vilevile, ukamwambie bosi wako kwamba uliomba ukanyimwa na kwa hiyo huna cha kumletea. Mtazame usoni wakati anakujibu. Hapo ndipo utajua umeajiriwa na mtu wa namna gani, na nyumbani unajua basi la kurudi linaondokea wapi.

Ila nikunong'oneze, maana mimi siri huwa zinaniwasha: hawatakukatalia. Nilipokuwa natoka Laela jana nilimpita fundi cherehani pale barazani. Alikuwa amezungukwa na vitenge vipya, vyote vya sare moja, na alikuwa ameambiwa viwe tayari kabla ya basi lako la asubuhi.

Wako anayekuringia kuliko dishi,
Mama Gau